Bosi Mwenye Huruma
Mhadhara kwa wafanyakazi, Mombasa

Asalaam aleikum, na wote hamjambo. Nimeombwa nizungumzie vinavyowazuia wanawake na watu wa jamii ndogo kupanda cheo. Najua mnangoja nianze na bosi katili. Huyo hanipi shida sana. Akijitoa ufahamu akasema hadharani hataki mwanamke, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kinachokataza ubaguzi kazini, kinamngoja. Anayenipa shida mimi ni bosi mwenye huruma.

Nimefanya kazi ya utumishi miaka mingi. Siku moja ililetwa mezani kwangu orodha ya watu wa kwenda kozi ya usimamizi. Jina la dada mmoja, aliyewazidi wote kwa sifa, limekatwa kwa penseli, na pembeni pameandikwa: "ana mtoto mchanga". Aliyekata hakuwa na nia mbaya. Alimwonea huruma tu, ila kumuuliza hakumuuliza. Mwaka uliofuata ikatangazwa nafasi ya msimamizi, na sharti la kwanza ni kozi ile ile. Yule dada hata fomu hakujaza.

Kwenye karatasi mama analindwa: likizo ya uzazi miezi mitatu kwa mshahara kamili, na akirudi ana haki ya kazi yake au nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyopungua. Anarudi kweli, kiti anakikuta. Majukumu ndiyo keshagawiwa wengine.

Halafu sisi wa Mombasa tuna letu: baraza. Baada ya isha, meneja na wenziwe wako kwenye kahawa na kashata, na hapo hapo inaamuliwa nani akaimu, nani apelekwe Nairobi. Kikao cha asubuhi ni cha kugonga muhuri. Mwanamke gani atakwenda kuketi pale saa tatu usiku? Sisemi baraza livunjwe, hata mume wangu hatanisamehe. Nasema nafasi ya kukaimu ibandikwe ubaoni, na vigezo vyake, kabla mtu hajaikalia.

Na wenzetu wa jamii ndogo? Wamakonde walitambuliwa kuwa raia wa Kenya mwaka 2016, Wapemba 2023. Kabla ya hapo, mtu kazaliwa hapa hapa Pwani, hana kitambulisho, basi hana PIN ya kodi wala NSSF, ile akiba ya uzeeni; kazi yake ni kibarua cha mkono kwa mkono. Leo kitambulisho anacho, anaambiwa hana rekodi ya ajira. Angeipata wapi?

Jambo moja wengi hawalijui. Ukimshtaki mwajiri kwa ubaguzi, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko hapa hapa Mombasa, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakukubagua. Hata hivyo, nakala za barua zako ziweke nyumbani, si kwenye droo ya ofisi.

Haya, maswali. Tuanze na kina mama walioketi nyuma.