Mtoto Huazima Utulivu

(Mhadhara kwa wazazi, walezi na walimu wa madarasa ya awali, Mtwara)

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazazi wenzangu, walimu, na bibi zetu mliotoka Mikindani na Naliendele mapema yote hii, shikamooni.

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa chama cha msingi cha wakulima siku ya kupima. Mama mmoja alikuja na magunia yake na mwanawe wa miaka minne. Lori linaunguruma, wapagazi wanaitana, foleni haisogei. Mtoto akaziba masikio. Baadaye akawa anatembea kwa ncha za vidole, anakwenda na kurudi, anapeperusha mikono. Macho ya mama yako kwenye mizani, na nani atamlaumu? Ile ndiyo sare za shule, ndiyo mabati ya nyumba. Mara mtoto akajitupa chini, akawa anapiga kichwa kwenye gunia na kulia kwa sauti iliyowageuza watu wote. Mzee mmoja akasema, "Mchape huyo, unamdekeza." Akachapwa. Kilio kikazidi.

Ndugu zangu, mtoto yule hakuwa anadeka. Deko tunalijua sote: mtoto analia huku anakuchungulia kama unamwona, ukimpa andazi ananyamaza. Yule ana usonji, na mtoto mwenye usonji akizidiwa, mimi husema amefurika. Andazi halioni. Jina lake ukiliita halimfikii. Na alitupa taarifa robo saa nzima, kwa masikio, kwa vidole, kwa mikono. Sisi ndio hatukumsoma.

Usonji, kwa Kiingereza autism, ni namna tofauti ya ubongo kukua, na huanza kabla mtoto hajazaliwa. Hautokani na chanjo, wala si pepo. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria mtoto 1 katika kila 100, kwa hiyo watoto hawa wamo katika kila mtaa wetu. Wengi wao hupokea sauti, mwanga na mguso kwa kiwango tofauti na sisi. Mvua ya masika juu ya bati, ambayo kwako ni usingizi mtamu, kwake yaweza kuwa mawe. Na habari za ndani ya mwili wake, njaa, kiu, haja ndogo, moyo kwenda mbio, huenda asizitambue hadi zimefika juu kabisa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo hasa nilipojia. Hakuna mtoto anayezaliwa akijua kujituliza. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kuzuia hasira na hofu, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Kichanga hutulia mgongoni kwa mama, ndani ya kanga, kwa mwendo wa hatua zake. Anauazima utulivu wa mama. Akiazima mara elfu, kidogo kidogo unakuwa wake. Mtoto mwenye usonji naye huazima, ila kwa miaka mingi zaidi, na namna yake ya kuomba hatuizoei.

Ndiyo maana inaniuma sana mama anapotupiwa lawama. Mwaka 1943, huko Marekani, daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wenye usonji, na kwa miaka mingi iliyofuata mama waliambiwa kuwa ubaridi wao ndio uliowaharibu watoto. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza mapacha Uingereza wakaonyesha kuwa urithi una sehemu kubwa katika usonji. Huku kwetu mama huambiwa amevunja mwiko. Wajomba na mashangazi mlio hapa, nawasihi. Mama aliyesutwa mchana kutwa, jioni mtoto atauazima utulivu gani kwake?

Basi mtoto akifurika, punguza maneno. Mtoe kwenye kelele, keti chini ubavuni pake, usimlazimishe akutazame. Wapo wanaotulizwa na kukumbatiwa kwa nguvu au kufungwa kanga, na wapo ambao mguso unawaongezea moto, kwa hiyo mjue wako. Mikono akiipeperusha, mwache, pengine ndiyo dawa yake. Jina la hisia mpe baadaye, akishapoa: "Lori lilipiga kelele. Uliogopa."

Kazi kubwa lakini hufanyika siku za shwari. Chora kwenye karatasi ndoo, kiatu, bajaji, umwonyeshe kwanza tunaoga, halafu tunavaa, halafu tunaondoka. Andika kwenye daftari nini kilitangulia kila alipofurika. Baada ya wiki mbili tatu huenda ukaona ni saa zile zile, au mahali pale pale. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, na msingi wake ni michezo na kazi za kila siku nyumbani. Mtaona hakuna mashine hapo.

Na msisubiri. Mtoto wa miezi 12 habwabwaji wala haonyeshi kitu kwa kidole, wa miezi 16 hana neno hata moja, wa miaka 2 haunganishi maneno mawili, au alikuwa na maneno yakapotea: mpeleke kliniki, na masikio yake yapimwe pia. Ukiambiwa "wa kiume huchelewa", rudi tena. Haya ya kumtuliza yaanze leo leo, jina la hali yake lije litakapokuja.

Mama yule wa korosho sasa hufika chama cha msingi alfajiri, foleni haijajaa, na shangazi mtu hukaa na mtoto chini ya mwembe. Bado hufurika. Ila siku hizi, akianza kuziba masikio, hukimbia mwenyewe kuivuta kanga ya shangazi yake.

Nimekuja na mabua ya majani ya mpapai, yameshaoshwa utomvu, na maji ya sabuni kwenye ndoo. Povu halitoki ukipuliza kwa pupa, linataka pumzi ndefu, ya polepole. Mtoto anadhani anacheza. Mstari wa mbele sogeeni, tupulize sisi kwanza.