Ziwa la Kuangalia Tu

Wamama, wababa, vijana, jambo kwenu. Nimeombwa niseme juu ya bustani za watu wote na furaha ya watu. Nitaanza na mpira.

Kule Kadutu, sehemu ya mlimani ya mji wetu wa Bukavu, Kongo, bati la jirani wa chini liko sawa na kizingiti chako, kwa hiyo watoto huchezea njiani, na mpira wa viroba na kamba. Mmoja huwekwa upande wa bondeni. Kazi yake si kufunga wala kudaka, ni kuzuia mpira usiteremke. Ukimponyoka, mchezo umekwisha na matusi ni yake mpaka jioni. Mimi nilikuwa mtoto huyo.

Sasa sikieni. Huko Philadelphia, Marekani, watafiti walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa, wakavigawa kwa bahati nasibu mafungu matatu. Fungu moja liliachwa lilivyo. La pili liliondolewa takataka tu. La tatu lilisafishwa, likapandwa majani na miti michache, likazungushiwa uzio mfupi wa mbao wenye nafasi za kupitia. Matokeo yalitoka 2018: kwa majirani wa fungu la tatu, kujisikia wanyonge rohoni kulipungua kwa asilimia 41.5 kuliko kwa majirani wa viwanja vilivyoachwa. Kuzoa takataka peke yake hakukuleta tofauti ya maana. Na kwenye mitaa ya maskini nafuu ilizidi.

Wengi hapo husifu miti. Mimi nasifu zile nafasi za kwenye uzio.

Maana uzuri Bukavu tunao. Rasi zetu zimeingia majini kama vidole, na ukiwa juu Kadutu unaliona ziwa Kivu likimeta. Haya, teremka mitaa ya ziwani, Muhumba au Nguba, ulifuate: ukuta, geti, ukuta, hoteli. Ukinunua soda, utaketi. Mwaka jana nilikaa kwenye ukingo wa jiwe, dakika kumi hivi, mlinzi akaja kuniuliza namngoja nani. Nikamwambia simngoji mtu. Jibu hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

Na sheria ya ardhi ya Kongo, ya 1973, inasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Mwenye parseli, yaani kiwanja, ana haki ya kuitumia tu.

Siombi bustani ya maua na chemchemi. Naomba njia moja kati ya parseli mbili, wamama wawili wenye mabeseni kichwani waweze kupishana, ifike majini, na mawe matatu ya kukalia. Uwanja wa tambarare kwa mpira nao ningeuomba, ila kwa milima yetu hii, hapo najua nadai kikubwa.