Aliyeondoka ni Waziri, Mkataba Ulibaki

Ndugu zangu, nashukuru kwa nafasi hii. Walionisikiliza huko nyuma wanajua kwamba nikisimama lazima nitafika Richmond, ile kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura mwaka 2006, na leo nafika mapema. Nimeombwa nizungumzie namna sisi wananchi tunavyopokea habari za kiongozi kujiuzulu. Msimamo wangu ni kwamba tunazipokea vibaya. Tunamng'ang'ania mtu hadi jambo lenyewe linatuponyoka.

Rudini Dodoma, Februari 7, 2008. Jana yake Kamati Teule ya Dk. Harrison Mwakyembe imewasilisha bungeni ripoti yake juu ya mkataba huo wa Richmond. Waziri Mkuu Edward Lowassa, aliyetajwa kwenye ripoti hiyo, anasimama, analalamika kwamba kamati haikumwita ikamsikiliza, kisha anatamka kuwa ameshamwandikia Rais barua ya kuomba kuachia uwaziri mkuu. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, waliopitia wizara ya nishati, wakafuata, na Baraza zima la Mawaziri likavunjwa. Kwenye daladala na vijiwe vya kahawa hapakuwa na mazungumzo mengine. Wapo walioshangilia kana kwamba fedha zimerudi Hazina siku ileile. Wapo waliosema mzee ametolewa kafara. Na Monduli wapiga kura wake walimpokea kishujaa.

Ubishi huo tuliubeba hadi 2015, Lowassa alipohama CCM na kugombea urais kwa tiketi ya CHADEMA, chama ambacho Dk. Wilbrod Slaa, kiongozi wake, alikuwa amemtaja Lowassa katika orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga mwaka 2007. Mnakumbuka kilichotokea. Waliomwita fisadi wakaanza kumsafisha, na waliomtetea wakaanza kumchafua. Slaa akajiondoa kwenye uongozi. Lowassa akapata kura zaidi ya milioni 6, na Machi 2019 akarudi CCM. Ripoti ya Mwakyembe haikuongezwa wala kupunguzwa hata ukurasa mmoja muda wote huo. Kilichobadilika ni jezi aliyovaa.

Sasa niambieni, miaka yote hiyo tulipokuwa tunabishana, mkataba ulikuwa wapi?

Nifuatilieni hapa, maana hapa ndipo watu hunichoka. Richmond walishindwa kuleta mitambo ya megawati 100 kwa wakati, na mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans. Waziri Mkuu alipoondoka, mitambo ilibaki palepale Ubungo. TANESCO, shirika letu la umeme, ikavunja mkataba, Dowans wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Novemba 2010 ikaamuliwa walipwe takriban shilingi bilioni 94. Mwaka 2011 mitambo ikauzwa kwa kampuni ya Symbion ya Marekani. Julai 2013 Rais Obama akafika hapohapo Ubungo, akapiga danadana na ule mpira unaozalisha umeme, nasi tukafurahia picha. Wangapi tulikumbuka kwamba hapa ndipo ilipoanguka serikali nzima miaka mitano nyuma? Kisha Symbion nao wakaingia kwenye mgogoro na TANESCO, na 2021 ikakubaliwa walipwe zaidi ya dola milioni 150.

Kuna mtu ataniambia mkataba wa Symbion ulikuwa mwingine. Ni kweli, ulikuwa mwingine, na simhusishi Lowassa nao. Lakini eneo ni lilelile, shirika linalodaiwa ni lilelile, na mlipaji ni yuleyule mama lishe anayeingiza tokeni za LUKU za elfu mbili ili friji isizime usiku. Yeye hakujiuzulu. Hana pa kujiuzulia.

Mwingine ataniambia mzee alishafariki, Februari 2024, tumwache apumzike. Apumzike kwa amani, sina neno naye. Ninaowasema tuko hai, tumekaa humu ukumbini.

Au mtaniuliza: kwa hiyo viongozi wasijiuzulu? Wajiuzulu! Mzee Ali Hassan Mwinyi aliachia Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya watu walioteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza. Hakumgusa mtu kwa mkono wake, na bado aliwajibika. Tunamsifu hadi leo, na anastahili kabisa. Lakini wale waliokufa, nani humu anaweza kunitajia jina la mmoja wao? Mmoja tu. Mnaona. Nchi nzima inamjua aliyejiuzulu, na waliosababisha ajiuzulu hatuwajui. Hilo linaniuma kuliko Richmond yenyewe, na nilitaka kulizungumza kwa kirefu, ila naona mwenyekiti ananionyesha saa.

Nikimbie basi. Waziri Andrew Chenge alijiuzulu Aprili 2008, tukabaki na neno "vijisenti", alivyoziita fedha zake zilizokutwa nje ya nchi, na mwaka 2014 akaibuka tena kwenye Escrow, lile sakata la fedha za umeme zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow. Profesa Muhongo, Waziri wa Nishati na Madini, alijiuzulu Januari 2015 kwa Escrow hiyohiyo, na kabla mwaka haujaisha akarudishwa wizara ileile. Kama kuna aliyemuuliza kitu siku anaapishwa, mimi sikumsikia.

La mwisho, Job Ndugai, aliyekuwa Spika wa Bunge. Alisema kwamba kwa mikopo hii ipo siku nchi itapigwa mnada, Rais akamkosoa hadharani, na Januari 6, 2022 akaachia kiti. Waliokuwa na hasira naye kwa kumvua ubunge Tundu Lissu wa upinzani wakasema malipo ni hapahapa duniani. Wengine wakamwonea huruma. Nawaelewa wote. Ila swali la deni lilikuwa juu ya meza, limewekwa na Spika mwenyewe, na ndani ya wiki mbili mjadala wetu wote ulikuwa ni nani atarithi kile kiti.

Karibuni kwa maswali. Na tafadhali, mtu asianze kuniuliza kama Lowassa alionewa.