Basi Tupu la Kijijini Ujerumani: Nani Analipa?

Haya wadau, mambo vipi! Leo tuongelee mabasi ya vijijini huku Ujerumani, maana mnaniuliza sana: basi linapita na abiria wawili, tena kwa saa yake, dizeli analipa nani? Inalipa wilaya. Daladala lingengoja lijae kwanza. Hili haliruhusiwi kungoja. Mkataba unalitaka litembee hata likiwa tupu, na hasara inafidiwa.

Sasa hapo ndipo penye utamu. Umoja wa Ulaya unakataza serikali kuibeba kampuni moja kwa hela za umma huku nyingine zikihangaika sokoni. Je, hela ya basi ni kubebwa?

Swali hilo lilizuka wilaya ya Stendal, mashariki mwa Ujerumani. Kampuni ya Altmark Trans ilipewa leseni na ruzuku, mshindani wake akaenda mahakamani, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Ulaya kule Luxembourg. Julai 2003 majaji wakasema fidia ya huduma ya umma si ruzuku haramu, ila kwa masharti manne. Kazi iandikwe wazi. Namna ya kukokotoa fidia ijulikane mapema, si baada ya hasara kutokea. Malipo yasizidi gharama na faida ya kiasi. La nne ndilo linalowatoa watu jasho: ama itangazwe zabuni, ama gharama zipimwe kwa zile za kampuni ya kawaida inayoendeshwa vizuri. Yaani ukiwa mzembe, kodi yangu hailipii uzembe wako. Hapo nawapigia makofi, ingawa makaratasi yake, mama yangu!

Hela ndogo hazina usumbufu huo: tangu 2024 kampuni ikipewa hadi euro 300,000 ndani ya miaka mitatu, serikali haihitaji kuomba ruhusa kwa Tume ya Ulaya, yaani watendaji wa Umoja wa Ulaya kule Brussels.

Na ruzuku ikibainika ni haramu? Anayeirudisha ni aliyepokea, tena na riba, na Tume ya Ulaya inaweza kurudi nyuma miaka 10. Waulizeni Apple. Mwaka 2016 Tume ilisema Ireland imewapa nafuu ya kodi isiyo halali, ikaamuru euro bilioni 13 zikusanywe. Ireland yenyewe ikakata rufaa, haizitaki! Wakavutana hadi Septemba 2024, mahakama ikaipa Tume ushindi. Mmewahi kuona wapi serikali inaburuzwa mahakamani mpaka ikubali kupokea mabilioni?