Mpingo Haupakwi Rangi

Ndugu zangu wachongaji, pamoja nanyi wanafunzi wa ufundi, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: mpingo haupakwi rangi ya viatu. Tazameni kipande hiki. Upande huu niliupasua miezi mingi iliyopita na weusi wake umeshaiva. Huu mwingine nimeukwangua kwa tupa leo asubuhi, nao ni wa hudhurungi yenye michirizi ya zambarau. Kiini ni kilekile, ila upande mmoja umepata hewa na mwanga wa kutosha na mwingine bado.

Nilipokuwa najifunza kazi nilichonga bakuli dogo lenye mchirizi wa zambarau ubavuni, na kwa kuwa mnunuzi alikuwa anasafiri kesho yake, nililipaka rangi ya viatu na kulisugua kwa kitambaa hadi likang'aa. Mwaka uliofuata alirudi nalo. Pale vidole vyake vilipozoea kulishika, rangi ilikuwa imechujuka na mpingo wenyewe umejitokeza, mweusi, laini kama kokoto ya mtoni, na ule mchirizi hauonekani tena. Kwingine kote palikuwa na utando uliofifia, umegandwa na vumbi. Akaniuliza kama nilimuuzia mti mwingine uliotiwa weusi. Swali lile lilinichoma, kwa sababu hivyo ndivyo wafanyavyo wanaouza mti mweupe kwa jina la mpingo, na mimi kwa mkono wangu nilikuwa nimeifananisha kazi halali na yao.

Mtaniambia kwamba mteja hana subira. Basi mwelezeni, na akiwa na shaka lileteni beseni la maji: mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu ina takriban kilo 1,200, maji yana kilo 1,000, kwa hiyo mpingo huzama. Wengine watauliza kuhusu tabaka la nje, lile jeupe la kuelekea manjano. Hilo halitageuka jeusi hata mkilisubiri miaka. Liondoeni, au liacheni lionekane kama wafanyavyo wachongaji wengi wa Kimakonde, lakini msilifiche.

Muda umenibana, nami sijagusa ugumu wenyewe. Patasi ya mpingo inolewe kwa pembe nene zaidi, la sivyo makali yatamomonyoka, na kinoo kiwe karibu nawe kutwa nzima. Skurubu haiingii kabla ya kutoboa. Futeni kwa spiriti kabla ya gundi, maana mafuta ya mti huu huizuia isishike. Barakoa ni lazima, kwani vumbi lake huwasha ngozi na kuumiza mapafu. Magogo yapakwe nta kwenye ncha ili yasipasuke.

Sasa nakipitisha kipande hiki kwenu. Kishikeni kwa mikono mitupu, kila mmoja kwa zamu yake.