Tiketi ya Samaki Isigeuke Jinai

Wazee wangu, mama zangu, vijana, hamjambo nyote. Nimeamkiana na watu mlangoni nikawasikia wa Uvira, wa Baraka, wa Kalemie, wa Rumonge, na sisi wachache wa Kigoma. Ukumbi huu una watu waliovua ndagala kwa taa usiku kabla hawajajua kusoma. Sikuja kuwafundisha kuvua. Nimekuja kuwaeleza sheria za jimbo hili la Maine, Marekani, kwa sababu tumeanza kuumia, na tunaumia kwa kitu kinachozuilika.

Niliwahi kukaa mezani na baba mmoja aliyeniletea bahasha ili nimsomee. Ndani mlikuwa na karatasi, yaani tiketi, aliyopewa na askari wa wanyamapori kando ya Mto Androscoggin, kwa kosa la kuvua bila leseni. Alikuwa ameiweka kabatini. Karatasi ni ya Kiingereza, askari alizungumza kwa upole, hakumfunga pingu, basi baba akaona jambo limekwisha. Siku ya korti ilikuwa imeshapita. Leo nimekuja kwa ajili ya karatasi kama ile.

Tuanze na adhabu yenyewe, maana ndiyo inayotisha watu bila sababu, kisha inawapata kwa sababu. Ukikutwa Maine unavua bila leseni mara ya kwanza, sheria inalihesabu kosa hilo kuwa si la jinai. Ni faini ya kuanzia dola 100 hadi 500, na juu yake unalipa mara mbili ya bei ya leseni uliyopaswa kuwa nayo. Inauma mfukoni, lakini hufungwi. Sheria hiyohiyo inaendelea kusema: ukishapatikana na makosa matatu ya namna hii ndani ya miaka mitano, kosa linalofuata ni jinai ya daraja E. Daraja E ni hadi miezi sita jela na hadi dola 1,000. Samaki ni yuleyule na mto ni uleule. Kilichobadilika ni rekodi yako.

Na ukikaa kimya? Usipojibu tiketi, hukumu inatoka bila wewe kuwepo. Kama kosa lilikuwa la jinai tangu mwanzo, inatolewa hati ya kukamatwa. Siku moja unasimamishwa barabarani kwa taa ya gari iliyoungua, polisi anaingiza jina lako kwenye kompyuta, na wewe hata hukumbuki siku ile mtoni.

Kwa sisi tuliokuja kutoka nje, kuna hatua nyingine mbele. Fomu ya kuomba uraia wa Marekani inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa na askari yeyote wa sheria. Haikuulizi kama lilikuwa kosa kubwa. Mtu aliyelipa faini yake na kutunza risiti anajibu ndiyo, anaambatisha karatasi, anaendelea. Mtu aliyeitupa anajibu hapana kwa kusahau, na hapo shida si samaki tena, shida ni kwamba ameonekana amedanganya. Nawaombeni sana: karatasi yoyote ya askari wa samaki muiweke pamoja na hati zenu za uhamiaji, na mkimwona wakili mumwonyeshe.

Sasa huyu askari ni nani? Wengi wetu tumetoka mahali ambapo mtu mwenye sare anayekuja ufukweni anakuja kuchukua samaki wako au pesa zako. Kwa hiyo vijana wakimwona wanakimbia. Msikimbie. Kikosi chake, Maine Warden Service, ndicho cha askari wa wanyamapori wa jimbo, na kimekuwepo tangu 1880. Askari huyu ana mamlaka ya kuomba leseni, kuangalia ndoo yako, kukagua boti. Akikwambia simama ukakataa, hilo peke yake ni jinai, hata kama leseni unayo mfukoni. Na pesa usimpe mkononi kabisa, hata ukidhani unamsaidia. Faini inalipwa kortini.

Leseni inahitajika kuanzia umri wa miaka 16. Mtoto chini ya hapo anavua bure, lakini idadi na vipimo vya samaki vinamhusu vilevile. Leseni inakwisha tarehe 31 Desemba bila kujali umeinunua lini; ukinunua Oktoba, Januari huna leseni. Wapo walioandikiwa tiketi wakiwa kwenye barafu mwezi wa kwanza na leseni ya mwaka uliopita mkononi, wakiamini kwa moyo wote kwamba ni halali. Na kuna siku za bure kila mwaka, wikiendi moja Februari na nyingine mapema Juni, ambapo mkazi na mgeni wanavua bila leseni. Hizo ni siku nzuri za kumpeleka mzee ambaye hana hakika kama atapenda.

Mtu atasema, kwa nini nilipie maji ya Mungu? Wavuvi na wawindaji wa nchi hii ndio wanaobeba sehemu kubwa ya gharama za kutunza wanyama na samaki. Sheria ya shirikisho ya 1937 iliweka kodi ya bunduki na risasi irudi kwa majimbo kwa kazi ya wanyamapori, na ya 1950 ikafanya hivyo kwa vifaa vya uvuvi. Mgawo wa jimbo unaangalia pia idadi ya watu wenye leseni. Samaki wengi aina ya trauti mnaowavua katika mabwawa ya karibu na mji walizalishwa na kupandwa humo kwa fedha hizo.

Sasa namna ya kuvua. Hapa ndipo ujuzi wetu wa nyumbani unaweza kutuponza. Tanganyika tunajua wavu. Huku, katika mito na maziwa, samaki wa kawaida wanavuliwa kwa mshipi na ndoano. Kutega wavu usiku uje kuuangalia alfajiri ni kosa, na watakuchukulia kama jangili. Mishipi ni miwili kwa mtu mmoja wakati wa maji wazi, na mitano wakati wa barafu. Kuuza hairuhusiwi. Ukipata samoni au trauti, mle na familia, mpe jirani, lakini usimuuzie muumini mwenzako baada ya ibada. Najua dola kumi hazionekani kama biashara, ila sheria haiangalii kiasi. Na usimchukue samaki hai kwenye ndoo kutoka ziwa moja ukamwachia lingine, hata kwa nia njema ya kuwazalisha. Jambo hilo linaadhibiwa vikali, kwa sababu samaki mgeni mmoja anaweza kumaliza wenyeji. Waliotoka upande wa Mwanza wanajua sangara alifanya nini Ziwa Victoria.

Kila ziwa hapa linaweza kuwa na sheria zake: idadi, urefu, chambo, miezi. Mnakumbuka Ziwa Tanganyika lilivyofungwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na kelele zilizopigwa Kigoma. Fikra ni ileile, kumpa samaki nafasi ya kuzaa. Tofauti ni kwamba huku hawafungi ziwa moja kubwa, wanafunga vipande vipande, kijito hiki wazi, kile kimefungwa. Idara ya wanyamapori ina ramani mtandaoni; unagusa ziwa, unaona sheria zake. Kijana wa nyumbani akufanyie hivyo usiku kabla ya kwenda. Mfano wa karibu ni Lake Auburn. Yale ndiyo maji ya bomba tunayokunywa Lewiston na Auburn. Kuogelea humo ni marufuku, na sehemu ya kusini imefungwa hata kwa uvuvi. Mama asiingize watoto miguu majini pale kwa sababu jua ni kali.

Baharini ni ofisi nyingine na sheria nyingine, sitakaa sana hapo. Kamba mkubwa (lobster) hata mmoja anahitaji leseni. Chaza na kome wanatawaliwa na miji, na wakati mwingine wana sumu isiyotoka kwa kupika. Yule samaki mwenye mistari ubavuni, striped bass, ni mmoja tu kwa siku, na urefu wake uanzie inchi 28 bila kufika 31. Sentimita za nyumbani hazisaidii. Nunueni kipimo cha inchi.

Boti. Hapa naomba mnisikilize zaidi ya pote, kwa sababu faini hulipwa ikaisha. Ndani ya chombo chochote, hata mtumbwi wa plastiki wa kukodi, lazima kuwe na jaketi la kuokolea linalomtosha kila mtu. Mtoto wa miaka 10 au chini lazima awe amelivaa, si kwamba lipo chini ya kiti. Tangu Januari 2024, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1999 au baadaye hawezi kuendesha boti yenye injini ya zaidi ya nguvu za farasi 25 katika maziwa haya bila kusoma kozi ya usalama. Karibu na ufukwe, ndani ya futi 200, nenda polepole. Pombe ni kama kwenye gari, kiwango ni 0.08.

Lakini mimi nawaomba hata watu wazima walivae. Najua mmevuka mawimbi ya Tanganyika bila kitu. Maji yale yana joto. Ziwa Sebago mapema mwezi wa tano, maji yakiwa bado ya baridi kali, ukitumbukia mwili wenyewe unavuta pumzi kwa nguvu kabla hujaamua, na kama kichwa kiko chini unavuta maji. Una kama dakika moja ya kuitawala pumzi, kama dakika kumi kabla mikono haijakataa kushika kamba. Kuogelea vizuri hakukusaidii mikono ikiganda. Katika takwimu za walinzi wa pwani wa Marekani, zaidi ya wanane kati ya kumi wa waliozama kwenye ajali za boti hawakuwa wamevaa jaketi. Tumeshazika vya kutosha.

Kuwinda. Kwa kifupi: kozi ya usalama kwanza, Jumapili hakuna uwindaji, katazo hilo lipo tangu 1883 na mahakama kuu ya jimbo ililiacha lisimame mwaka 2024. Msimu wa kulungu kwa bunduki, mwindaji avae vipande viwili vya rangi ya chungwa kali. Na wewe usiyewinda, ukitembea karibu na msitu mwezi wa kumi na moja, vaa pia. Mwaka 1988 huko Hermon mama mwenye mapacha wachanga alipigwa risasi nyuma ya nyumba yake akiwa amevaa glavu nyeupe. Mwindaji alidhani ni mkia wa kulungu. Baraza la raia linaloamua kesi mahakamani (jury) lilimwachia huru yule mwindaji, na baada ya hapo jimbo likatunga sheria inayomtaka mtu amtambue mnyama kwa hakika kabla ya kufyatua.

Jambo zito zaidi kwa ukumbi huu ni bunduki yenyewe. Sheria ya shirikisho inamkataza asiye na ukaazi halali kushika silaha au risasi, na wenye viza za muda wana masharti yao. Adhabu inafika miaka 15. Kama bado unasubiri jibu la ombi la hifadhi, rafiki Mmarekani akikuambia twende porini, nitakushikisha yangu kidogo tu, mkatalie kwa heshima. Zungumza na wakili wa uhamiaji kabla hujaigusa, si baada. Fimbo ya kuvulia haina tatizo hilo.

Naona mama ameinua mkono. Anauliza kama samaki wa huku wanalika. Swali zuri, na lina jibu la serikali. Maziwa ya Maine yana zebaki inayoshuka kutoka angani na kujikusanya katika samaki. Ofisi ya afya ya jimbo inasema mjamzito, anayenyonyesha, anayetarajia kupata mimba, na mtoto chini ya miaka 8, wasile samaki wa maji yasiyo ya chumvi isipokuwa trauti wa vijito (brook trout) au samoni wa ziwani (landlocked salmon), mlo mmoja kwa mwezi. Striped bass hao wasimle kabisa, na sisi wengine tusizidi milo minne kwa mwaka. Kukausha juani au kuchoma hakuondoi zebaki, mama. Ndagala wa dukani, wale wadogo, wapikie watoto bila wasiwasi.