Saa Nne ya Nani? Kupanga Upya Tovuti ya Sayansi ya Bahari

ZUHURA: Asalamu aleikum wasikilizaji, karibuni kutoka Mombasa. Mimi ni Zuhura, niko na Salim. Leo ni tovuti za serikali za sayansi ya bahari: majedwali ya maji, upepo, takwimu za samaki. Data imo, na imekusanywa kwa kazi kubwa. Tatizo ni kwamba anayeihitaji haifikii. Salim, mtu akikabidhiwa kazi ya kuipanga upya tovuti kama hiyo, aanzie wapi?

SALIM: Asianze na rangi wala nembo. Kwanza aorodheshe kwenye lahajedwali kila ukurasa na kila faili: anwani, tarehe ya mwisho kuguswa, cheo cha anayeisimamia, na ilifunguliwa mara ngapi mwaka uliopita. Safu ya cheo ndiyo inayotoa habari nzito, maana kurasa nyingi hukutwa hazina mwenyewe. Kisha asome maneno ambayo watu huandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Utakuta “bamvua”, “maji kupwa”, “upepo kesho”, na tovuti imejibu kwamba hakuna kilichopatikana, kwa sababu ukurasa wenyewe una jina la kitaalamu la Kiingereza na umewekwa chini ya jina la idara.

ZUHURA: Na mvuvi wa Likoni hana haja ya kujua idara gani inapima nini.

SALIM: Hana. Menyu ifuate maswali ya watu. Andika maswali kumi yanayoulizwa zaidi, na kila jibu lipatikane kwa kugusa mara mbili kutoka ukurasa wa mbele. Na kisanduku cha kutafutia kifundishwe visawe: aliyeandika bamvua, aliyeandika maji makubwa na aliyeandika “tide”, wote wafike pamoja.

ZUHURA: Tuingie kwenye ukurasa wa maji wenyewe, maana hapo makosa yana hatari.

SALIM: Kosa la kwanza ni saa. Siku za bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, hapa Mombasa maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Jedwali litaandika 10:10, mita 0.3. Mtu aliyezoea saa ya Kiswahili akiona “saa 10:10”, kwake hiyo ni saa kumi na dakika kumi alasiri.

ZUHURA: Na saa kumi alasiri maji yamejaa.

SALIM: Ndiyo shida yenyewe. Saa yetu na ile ya tarakimu zinaachana kwa saa sita, na kutoka maji kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika kumi hivi. Kwa hiyo aliyekosea kusoma hakosi kwa kidogo, anapata kinyume kamili. Anayefuata pweza mwambani anakuta maji yamejaa mahali alipotarajia mwamba mkavu.

ZUHURA: Na zile saa za UTC, yaani saa za marejeo za kimataifa?

SALIM: Ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Programu za kukokotoa maji mara nyingi hutoa matokeo kwa UTC, na ikiwa mtengenezaji hakuzigeuza, 10:10 inachapishwa 07:10. Hakuna anayestuka, kwa sababu nambari inaonekana ya kawaida. Dawa ni kuandika “saa 4:10 asubuhi” kwa herufi kubwa, na chini yake 10:10 kwa herufi ndogo. Neno asubuhi, jioni au usiku lisiachwe hata siku moja. Katika faili ya watafiti, weka tarehe na saa pamoja na alama ya +03:00, ili kompyuta isibahatishe.

ZUHURA: Niongeze la usiku. “Usiku wa Ijumaa” kwa wengi wetu pwani ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa kalenda ya ofisini ni ule unaofuata. Onyo la upepo likiandikwa hivyo tu, nusu ya watu watalisubiri siku isiyo yake. Iandikwe “usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa”, na tarehe zote mbili.

SALIM: Na kila onyo liwe na saa lilipotolewa na saa linapokwisha, kisha mfumo uliondoe wenyewe. Onyo la wiki jana likibaki juu ya ukurasa, watu wanazoea kulipuuza, na la kweli likija halisomwi.

ZUHURA: PDF je? Majedwali mengi ni karatasi zilizopigwa skani.

SALIM: Skani ni picha. Haitafutiki, kisoma skrini cha asiyeona hakina la kusoma, na inaweza kuwa megabaiti sita za bando la mtu. Jedwali lile lile likiwa maandishi ndani ya ukurasa halifiki kilobaiti mia moja. PDF ibaki kwa anayetaka kuchapisha, na CSV, yaani faili ya jedwali inayosomwa na kompyuta, kwa mtafiti. Halafu kuna jambo dogo linalosahaulika: ukurasa wa Kiswahili utambulishwe kwenye msimbo kwa alama ya lugha “sw”. Ukiachwa na “en”, kisoma skrini kinatamka Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na hutaelewa neno.

ZUHURA: Na Kiswahili chenyewe si hisani. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi tupime vipi kama ukurasa unafaa?

SALIM: Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo. Lakini wawe watano wa kila kundi, maana mvuvi na mtafiti hawakwami mahali pamoja. Usiwaulize kama wanapenda ukurasa. Wape kazi: “Kesho unakwenda mwambani. Utoke nyumbani saa ngapi?” Kisha nyamaza. Andika kidole kiligusa wapi kwanza, na sekunde zilizopita hadi jibu. Wapime nje juani, kwa simu zao wenyewe. Maandishi ya kijivu yaliyopendeza ofisini yatapotea. Viwango vya WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zifikiwe na watu wote, vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa 4.5 kwa 1, na kwa jua la mchana ufukweni mimi ningepita hapo, niandike nyeusi juu ya nyeupe.

ZUHURA: Siku ya kuhamia tovuti mpya, nini huharibika?

SALIM: Viungo. Tasnifu na ripoti zimenukuu anwani za zamani. Rudi kwenye ile lahajedwali ya mwanzo, ongeza safu ya anwani mpya, na kila ya zamani ielekezwe kwenye ukurasa wake hasa kwa 301, yaani msimbo unaoiambia kompyuta kwamba ukurasa umehamia kabisa anwani nyingine. Kuzimwaga zote ukurasa wa mbele ni sawa na kumwambia mtu aanze kutafuta upya.

ZUHURA: Na msimu wa kuhamia?

SALIM: Usihamie kusi, ule msimu wa upepo mkali wa kusini, ikiwa imeshika, wakati watu wanategemea maonyo kila asubuhi. Hamia matlai, kipindi cha kati ya kusi na kaskazi, bahari ikiwa imetulia, na acha ya zamani ikifanya kazi sambamba mpaka bamvua mbili zipite. Kila siku katika siku hizo, mtu mmoja afungue kurasa zote mbili kwa simu na alinganishe saa za kupwa na kujaa, mstari kwa mstari.